Madaftari Niliyomsomea Bibi Pyo

Oktoba 14

Siku ya kwanza kijijini Dunam, na tayari nataka kurudi Daegu. Profesa Maeng, msimamizi wangu wa utafiti, aliniambia, "Eun-sol, nenda ukakae. Wiki ya kwanza usiulize swali hata moja. Kaa, tazama, andika." Rahisi kusema ukiwa ofisini na kikombe cha kahawa. Nimekaa. Nimetazama. Nilichoona ni mlima, mabanda ya kukaushia matunda ya persimoni, na bibi wa miaka sabini na minane akiniuliza mara nne kwa nini sijaolewa.

Huyo ndiye Bibi Pyo, mwenye nyumba wangu. Mumewe alifariki zamani, na mwanawe Gyu-sik anafanya kazi Ulsan kwenye kiwanda cha meli. Amekuwa kiongozi wa umoja wa wanawake wa kijiji kwa miaka thelathini na mmoja. Nilimpa fomu ya ridhaa, kurasa tatu za maelezo kuhusu haki zake katika utafiti. Aliitazama muda mrefu, akatoa mhuri wake kwenye kijaluba, akagonga.

"Haya. Umekula?"

Oktoba 15

Kipaza sauti cha kijiji kiko juu ya ukumbi, na ukumbi unatazamana na dirisha langu. Saa kumi na mbili kamili asubuhi: "Halo, halo, mnanisikia?" Ni Mwenyekiti Ma. Tangazo la leo: mbwa wa mtu fulani amekula kiatu cha mtu fulani. Kalisoma mara mbili.

Oktoba 17

Nimevunja amri ya Profesa. Nilikuwa na maswali kumi na nane niliyoyaandaa muhula mzima, yameniwasha kama upupu. Wanawake walikuwa wanakula chakula cha mchana ukumbini. Nikawasha kinasa sauti, nikamgeukia Bibi Pyo.

"Bibi, persimoni zina maana gani katika maisha yako?"

"Maana gani?" Akamtazama jirani yake, Bibi Noh. "Zina maana ya kuumwa mgongo."

"Na mimi nyonga," akasema Bibi Noh. "Andika na nyonga, binti."

Walicheka hadi supu ikapoa. Dakika arobaini za kurekodi, thelathini na tano ni za vicheko na vijiko.

Oktoba 19

Kumenya kumeanza. Nimemenya mia mbili. Bibi Pyo, elfu moja na zaidi. Nimejikata kidole gumba.

Oktoba 20

Kidole kimevimba. Nimemenya.

Oktoba 22

Profesa amenirudishia kumbukumbu zangu za wiki ya kwanza, nyekundu tupu. Nilipoandika "wanawake wanafurahia kufanya kazi pamoja," yeye kaandika: "Umejuaje? Nani alicheka? Alikuwa ameshika nini? Aliyekaa pembeni ni nani na kwa nini? Hii ni kadi ya salamu, Eun-sol. Sikukutuma huko kuandika kadi."

Nilikasirika nikatoka kutembea. Nilikuta Bibi Pyo na Bibi Noh wakigombana kwa sababu ya kamba. Wanagombana kila siku. Jana ilikuwa ndoo. Nikaandika ni nani aliyeshika kamba, upande gani, na aliyeachia kwanza. Bibi Noh ndiye aliyeachia. Sijui lina faida gani hilo, lakini nimeliandika.

Oktoba 25

Persimoni zote za ghorofa ya chini zimening'inizwa. Ukiingia bandani asubuhi unajikuta katikati ya rangi ya chungwa pande zote. Zikipata baridi kavu siku arobaini au hamsini, zinasinyaa, zinakuwa tamu kama tende. Zinahitaji baridi. Leo nimefanya kazi nikiwa na fulana tu.

Oktoba 27

Lazima niandike kwa utaratibu.

Leo barua ilitoka ofisi ya kilimo kuhusu dawa ya ukungu. Bibi Pyo akanipa. "Nisomee, mwanangu, miwani yangu imevunjika." Miwani ilikuwa kichwani kwake, nzima. Dakika kumi kabla alikuwa ametunga uzi kwenye sindano bila hata kukunja jicho.

Mchana, kwenye kikao cha umoja, alisimama na orodha ya zamu za kupika ukumbini, akasoma majina ishirini na sita bila kukwama. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Karatasi ilikuwa juu chini.

Hajui kusoma. Amekariri yote. Mwanawe hajui, kijiji hakijui. Ni mimi peke yangu.

Oktoba 31

Nilimtumia Profesa kurasa hizo. Kwa mara ya kwanza hakuna wino mwekundu. Kaandika: "Hapa sasa umeona. Mfiche vizuri."

Nimempa jina la bandia, Bibi Jani. Nimetembea siku nzima kama jogoo.

Novemba 3

Joto. Bibi Pyo anatoka kila saa kutazama mlima, anapiga ulimi, anarudi. Inzi bado wako hai. Novemba!

Novemba 5

Mwenyekiti Ma atanitoa roho. Kila ninapopita: "Binti wa chuo, unatuandika nini? Usije ukatuandika vibaya! Unawaandika wanawake tu, sisi wanaume hatuonekani?" Leo alinifuata hadi kisimani, akanifuata hadi bandani, akakaa kwenye ndoo niliyokuwa naitaka mimi.

"Mwenyekiti, ukisoma utaniacha nifanye kazi?"

"Nikisoma nitanyamaza kama maji mtungini."

Nilichapisha rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yangu, kurasa kumi na moja, nikampa. Hakuna jina la mtu hata moja la kweli mle ndani. Akaikunja na kuitia kifuani kama hati ya shamba. Angalau kesho nitapumua.

Novemba 6

Mvua ya joto tangu alfajiri. Mwenyekiti hakutokea. Raha.

Novemba 7

Sijui nianzie wapi. Naandika yaliyotokea tu.

Saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na Bibi Pyo tulikuwa tunakula wali na kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, jikoni. "Halo, halo, mnanisikia? Ndugu wanakijiji, kijiji chetu kimeandikwa chuo kikuu! Leo nitawasomea wenyewe mjisikie."

Nilifurahi. Naapa, nilifurahi. Alisoma habari za mlima, za mabanda, na ya Bibi Noh na nyonga yake, na nikasikia mtu akicheka barabarani. Bibi Pyo naye akatabasamu, akaniongezea wali. Kisha Mwenyekiti akaendelea kwa sauti ileile ya matangazo:

"Bibi Jani, kiongozi wa umoja wa wanawake, ambaye banda lake la bati la buluu liko karibu na daraja, hajui kusoma wala kuandika. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akiwaficha..."

Akakwama. Kumbe hakuwa ameisoma kabla. Kipaza sauti kilibaki wazi, kijiji kizima kikamsikia anahema. Halafu akasema, "Aa. Tangazo la pili. Gari la taka litapita Alhamisi."

Bibi Pyo alimaliza wali wake. Hakuacha hata punje. Akaosha bakuli, akalifunika, akafuta mikono kwa aproni.

"Bati la buluu," alisema, bila kunitazama. "Kijiji hiki, nani mwingine ana bati la buluu?"

"Bibi, mimi sikutaka..."

"Na nani mwingine ni kiongozi wa umoja?"

Akavaa viatu vya mpira akaenda bandani, akafunga mlango kwa ndani. Nimesimama mlangoni kwenye mvua mpaka miguu ikafa ganzi.

Jina la bandia! Nimemvisha mtu kofia nikadhani nimemficha.

Novemba 8

Mvua. Chakula naachiwa mezani, kimefunikwa. Yeye simwoni.

Novemba 9

Mvua. Amemtuma mtu apeleke mhuri wa umoja kwa Mwenyekiti. Amejiuzulu.

Nilienda ukumbini mchana. Wanawake walihamia meza nyingine. Nikakaa peke yangu na supu yangu, na sikuwa na la kuandika.

Novemba 10

Ukungu nje, ukungu ndani. Mlima haujaonekana siku nne, na kwenye persimoni za ghorofa ya chini yameota madoa ya kijivu, laini kama manyoya ya panya. Nyingine zimelainika zinajidondokea zenyewe. Usiku kucha nasikia pu, pu, pu sakafuni.

Nimempigia Profesa. Nilidhani atanitukana. Akauliza tu, "Ulimpa nani rasimu?"

"Mwenyekiti. Alikuwa ananisumbua."

"Kwa hiyo umempa maisha ya mtu ili upate kupumua."

Nilisema nitafunga mizigo nirudi mjini. Akasema, "Ukiondoka leo, utakuwa umechukua ulichotaka na kuondoka. Amekufukuza?"

"Hapana."

"Basi bado una kazi hapo. Siyo ya kuandika."

Ananikera mwanamke huyu. Ananikera zaidi anaposema kweli.

Novemba 11

Niliingia bandani bila kuombwa. Nimetoa zilizooza, nimefagia, nimewasha feni. Bibi Pyo alikuwa upande wa pili. Saa tisa mfululizo hatukusema neno. Alipotoka alisogeza feni yangu hatua mbili kushoto, kwa sababu nilikuwa nimeiweka vibaya.

Novemba 13

Gyu-sik amekuja kutoka Ulsan. Mtu alimpigia simu. Nilikuwa nasuuza ndoo uani nikasikia yote, na hakuna aliyejali kama nasikia.

"Mama, ujumbe wote ninaokuandikia kwenye simu? Miaka yote?"

"Nilikuwa nakupigia, sikupigi? Kila ukiandika, nakupigia."

"Unapiga unauliza nimekula! Niliandika mkweo... mke wangu amepoteza mimba, Mama. Ukanipigia ukauliza nimekula!"

Sikusikia jibu la Bibi Pyo. Mlango ulifungwa. Gyu-sik alitoka baadaye, macho mekundu, akasimama mbele yangu. Nilitamani anipige. Akasema, "Asante kwa kusaidia bandani," akapanda gari lake.

Ningependa zaidi anipige.

Novemba 14

Bibi Noh amenikamata nyuma ya ukumbi, kanishika sikio. Nina miaka ishirini na mitano, nimeshikwa sikio.

"We binti. Mtu akikuonyesha kidonda chake, unakipigia ngoma?"

"Nimekosa, Bibi."

"Unadhani ulivumbua kitu? Unadhani sisi ni vipofu? Mwaka wa kwanza tu alishika orodha juu chini, tukaiona sote. Mimi nikawa nasimama ubavuni kwake kila kikao. Akikaribia kusahau jina, nakohoa, napiga chafya, nadondosha kijiko. Ananiona mimi mchokozi, tunagombana. Sawa, tugombane! Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyefungua mdomo. Na si kwamba hatukujua. Tulijua, ndiyo maana hatukusema."

Akaniachia sikio.

"Wewe umekaa mwezi mmoja."

Nimekuja chumbani nikafungua kumbukumbu zangu. Pale pale, tarehe ishirini na saba: "Bibi Noh anakohoa ovyo wakati wa kikao, dalili ya uhasama." Niliona kikohozi. Nikakiandika. Sikuelewa hata punje yake.

Novemba 16

Nilipiga magoti jikoni. Bibi Pyo alikuwa anakata figili, hakuacha kukata.

"Bibi, nitayachoma. Madaftari yote saba. Nitaacha na masomo ukitaka."

"Ukiyachoma mimi nitapata nini?"

"Sijui, Bibi."

"Ndani kuna maneno ya nani?"

"Yako. Na ya wenzako."

"Mimi nayajua?"

Aliendelea kukata figili.

"Ulinigongesha mhuri kwenye karatasi, mimi nikagonga nisijue nagonga nini. Hilo kosa langu, niliona aibu kuuliza. Sasa siombi radhi yako, naomba maneno yangu. Utanisomea. Yote. Kuanzia siku uliyofika na lile begi lako baya."

"Yote, Bibi? Kuna mengine..."

"Mengine nini? Umenitukana?"

"Kidogo."

"Basi anza na hayo."

Novemba 17

Tumeanza. Yeye anachambua zilizooza, mimi nasoma kwa sauti. Koo limekauka. Nimefika ukurasa wa tisa tu, kwa sababu kila mstari ana neno.

"'Bibi Pyo ana hasira za haraka.' Futa."

"Lakini Bibi..."

"Sina hasira za haraka! Futa haraka!"

Novemba 19

"'Wali ulikuwa mgumu.' Siku gani hiyo?"

"Kumi na nane Oktoba."

"Siku hiyo sufuria ilikuwa mbovu. Andika sufuria ilikuwa mbovu."

Nimeandika sufuria ilikuwa mbovu.

Novemba 20

Jua! Upepo wa kaskazini! Tumefungua mapazia yote ya banda. Bibi amesema nusu imekwenda, nusu itapona. Daftari la tatu.

Novemba 22

Leo tumefika Oktoba ishirini na saba. Nilisoma habari za miwani, za sindano, za karatasi iliyo juu chini. Yeye alikuwa anakandakanda persimoni moja kwa vidole, taratibu, kama wanavyofanya ili zikauke sawasawa.

"Liache hilo," alisema. "Limeshasikika hadi mtoni. Ila uongeze."

"Niongeze nini?"

"Majina ishirini na sita. Kila mwezi. Na zamu zilikuwa zinabadilika kila mwezi, mjinga we, nilikuwa nakariri upya kila mwezi. Mwana wa Ma ndiye aliyekuwa ananisomea orodha, jioni moja kila mwezi, mara moja tu, na mimi namwambia koo linaniuma. Alipohamia mjini nikawa namtumia mke wa mfanyakazi wa posta. Umeandika hajui, hajui. Andika na nilichokuwa najua."

Nimeandika ukurasa mzima huku akisimama juu ya bega langu kama mkaguzi.

Novemba 24

Nimelala vibaya. Nilijua leo tutafika kwenye maneno ya Bibi Noh, yale ya tarehe kumi na nne, kwamba wote walijua.

Ningeweza kuruka. Hawezi kujua. Ningefungua ukurasa unaofuata na kusoma habari za figili, na angebaki akiamini kwamba kwa miaka thelathini na mmoja aliwashinda wote. Nilikaa na daftari mapajani, kidole kikiwa tayari kwenye kona ya ukurasa.

"Mbona kimya?"

"Hapa pana jambo litakaloumiza, Bibi."

"Linahusu nani?"

"Wewe."

"Basi si la kwako. Soma."

Nikasoma. Kikohozi, chafya, kijiko. Mikono yake ilitulia, kitu ambacho sijawahi kukiona. Kisha akasimama, akatoka, akavuka barabara bila koti. Nikamfuata kwa mbali. Alisimama uani kwa Bibi Noh akaanza kupiga kelele:

"Noh! Toka nje! Kumbe kile kikohozi chako ni cha uongo?"

"Cha uongo, ndiyo! Ulitaka nipate kifua kikuu kwa ajili yako?"

"Mimi nilikuwa nakupelekea asali! Kila baridi, asali, kwa ajili ya koo lako!"

"Na mimi niliila! Ilikuwa nzuri!"

Wakatukanana robo saa nzima. Baadaye wote wawili waliketi barazani. Bibi Noh alikuwa analia, na Bibi Pyo anampigapiga mgongoni kwa nguvu kupita kiasi. Nimerudi kusafisha banda. Sikuandika pale pale. Naandika sasa, na wote wawili nimewaomba ruhusa.

Novemba 28

Siku ya kutengeneza kimchi ya mwaka. Kabichi mia tatu. Mikono inawaka pilipili hadi kwenye viwiko. Wanawake wamenirudisha mezani, ila nimepewa kazi ya kubeba maji, na Mwenyekiti Ma, ambaye bado anaona haya, amepewa kazi ya kunisaidia kubeba. Hatukusemezana.

Gyu-sik amekuja na mkewe. Mkewe alikaa karibu na Bibi Pyo tangu asubuhi. Sikuwasogelea.

Desemba 4

Tumemaliza daftari la saba. Katika kurasa mia nne na kumi, Bibi amefuta mistari sitini na miwili, amerekebisha sijui mingapi, ameongeza kurasa kumi na nane. Kuhusu kusoma hakufuta kitu. Kuhusu ugomvi wake na mwanawe aliniambia nimuulize Gyu-sik mwenyewe. Nimempigia simu. Kasema niandike, nisiandike habari za mkewe. Sitaandika.

Halafu Bibi akasema, "Ule ukurasa wa banda, asubuhi ya pili ya mvua. Urudie."

Nikaurudia. Ni ukurasa mmoja. Nilimwona kupitia ufa wa mlango, akiwa peke yake, na niliandika alichokifanya na alichokisema. Hakuna siri ndani yake, hakuna aibu. Ni ukurasa bora kuliko wote niliowahi kuandika maishani. Profesa akiuona, nilifikiri, hatagusa kalamu.

"Huo, hapana," alisema Bibi Pyo.

"Bibi, huo hauna ubaya wowote. Ni mzuri. Unakuonyesha ulivyo."

"Najua."

"Umeliacha la kusoma, umeruhusu hata la mwanao, sasa huu..."

"Hayo ni ya watu na mimi. Huu ni wangu." Akanyoosha mkono, umejaa unga mweupe wa sukari ya persimoni. "Lete."

Nilibishana. Naona haya kuandika nilivyobishana. Nilizungumzia sayansi. Nilizungumzia vizazi vijavyo. Akaniacha niongee mpaka maneno yakaniishia, mkono wake bado uko pale pale hewani. Nikauchana ukurasa nikampa. Akaukunja mara nne, akautia mfukoni mwa aproni, akasema tufunge masanduku ya persimoni kabla jua halijaondoka.

Kilichokuwemo siandiki hata humu.

Desemba 10

Nimeleta fomu mpya ya ridhaa, ukurasa mmoja, maneno niliyoyasoma kwa sauti mara tatu mbele yake na Bibi Noh. Ameuliza maswali kumi na mawili. La tisa sikuweza kulijibu, nikampigia Profesa, naye akaona tabu kulijibu. Ndipo Bibi Pyo akagonga mhuri.

Desemba 19, Daegu

Profesa Maeng amesoma sura mpya mbele yangu, kimya, kurasa hamsini na tatu. Mimi nimekaa natazama dirishani. Wino mwekundu ulikuwa mchache. Alipofika karibu na mwisho akasimama, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hapa," alisema. "Mvua inaanza, anajifungia bandani, kisha ghafla ni siku ya tano. Pana pengo. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hukuona kitu?"

"Niliona."

"Basi kiko wapi? Sura yote inaelekea hapo, Eun-sol. Bila hicho inachechemea."

"Najua, Profesa."

"Kumbukumbu zake?"

"Anazo yeye."

Alivua miwani. Alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kuifasiri, na nimejifunza kutoifasiri haraka. Kisha akaandika alama juu ya ukurasa wa kwanza. Ni ya wastani. Akasema sura inachechemea na hawezi kutoa zaidi kwa sura inayochechemea.

Nimekasirika. Nimeshuka ghorofa zote sita kwa miguu kwa hasira. Kumbukumbu za ukurasa ule bado ziko kichwani, neno kwa neno, ningeweza kuziandika leo hii nikapata alama yoyote ninayoitaka.

Nimeenda kula tambi.